Mtoto wa Tarime anapotaka kusomea ufamasia

Kila mwaka, ifikapo Julai, matokeo ya kidato cha sita hutangazwa. Katika nyumba zetu za Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu, baraza la familia huketi baada ya swala ya Isha. Miongoni mwa vijana waliosoma Fizikia, Kemia na Baiolojia hutokea mmoja, awe mvulana au binti, akasema kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea ufamasia. Hapo ndipo maneno huanza. Baba mdogo huuliza: miaka minne ya chuo kikuu kwa ajili ya kuuza dawa dukani, ya nini? Bibi hukumbusha kwamba umri unakwenda na wachumba wameanza kuulizia. Baba hunyamaza, kwani yeye anahesabu fedha.

Tumeona maneno hayo yajibiwe kwa utulivu. Kila moja lina chembe ya haki ndani yake, na jibu likikosewa usiku ule, njia ya mtoto huweza kufungwa kwa muda mrefu.

Tuanze na la baba mdogo. Ni kweli kwamba tunayemwona kwenye duka la dawa muhimu ni mtoa dawa aliyepata mafunzo mafupi. Maduka hayo yalianzishwa kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakasaidia mno kufikisha dawa vijijini. Juu ya mtoa dawa yuko fundi dawa sanifu mwenye stashahada, na juu yake yuko mfamasia mwenye shahada. Huyu wa mwisho husoma miaka minne. Huanza na maumbile ya mwili na kemia yake, kisha hujifunza namna dawa inavyotengenezwa, inavyofanya kazi, inavyopambana na dawa nyingine, na namna mimea inavyochunguzwa hadi ikatoa dawa. Akihitimu, huongeza mwaka mmoja wa mazoezi kazini chini ya usimamizi, ndipo husajiliwa na Baraza la Famasi. Hapo ni mlinzi wa dawa. Mauzo ni sehemu ndogo ya kazi yake.

Ulinzi huo tunauhitaji kuliko tunavyodhani. Mara ngapi mgonjwa wetu amenunua nusu dozi ya antibiotiki kwa sababu fedha haikutosha, akapata nafuu siku mbili, kisha ugonjwa ukarudi na nguvu? Vimelea visivyokufa hujifunza kuishi na dawa, na siku ya dhiki dawa ile ile haisaidii tena. Hapa Sirari tuna jambo jingine. Ndugu zetu wako pande zote mbili za mpaka, na dawa huvuka mkononi kama sukari na sabuni. Lakini dawa iliyosajiliwa Kenya haihesabiwi kuwa imesajiliwa Tanzania. Kwetu mwenye kazi ya kuikagua ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Anayeweza kumweleza mama kwa nini hilo ni muhimu, kwa Kiswahili na kwa Kikurya, ni mtoto wake aliyesoma.

Kisha kuna Ramadhani. Mzee mwenye kisukari anataka kufunga, naye anameza vidonge mara mbili au tatu kwa siku. Je, dozi zinaweza kupangwa kati ya futari na daku? Dawa ipi huweza kumwangusha sukari ikishuka mchana? Je, kapsuli hii imetengenezwa kwa jelatini ya mnyama gani, na dawa ile ya maji ina kilevi ndani yake? Daktari huwa na foleni ndefu, na sheikh hakusomea dawa. Mfamasia Mwislamu aweza kusimama kati yao, akampa kila mmoja elimu anayoihitaji ili mgonjwa apate jibu la haki.

Wala elimu hii si ngeni katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa Mwenyezi Mungu ameuwekea dawa. Akatuonya pia kwamba mwenye kutibu watu ilhali hajulikani kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Waislamu wa zamani waliyachukua mafundisho hayo kwa uzito. Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya dawa, na Ibn al-Baytar wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1248, alikusanya maelezo ya dawa na vyakula zaidi ya elfu moja. Katika masoko yao muhtasib alikuwa na mamlaka ya kuwakagua wauza dawa.

La pili ni umbali na chuo chenyewe. Ufamasia hufundishwa Muhimbili, Dar es Salaam, na karibu zaidi nasi hufundishwa Mwanza, katika chuo kikuu cha Kanisa Katoliki kilichopo Bugando. Wapo wazazi wanaositasita kwa sababu ya jina la chuo. Wasiwasi wa mzazi juu ya dini ya mwanawe ni wa haki, na dawa yake ni malezi ya mapema, swala, na marafiki wema wa msikitini huko aendako. Lakini tukumbuke kwamba hospitali za Waislamu zilitumia kitabu cha dawa cha Sabur ibn Sahl, tabibu Mkristo aliyefariki mwaka 869. Wazee wetu hawakuikataa elimu yenye manufaa kwa sababu ya dini ya aliyeiandika.

La tatu ni fedha, na hapa baba ana haki ya kunyamaza. Kwa miaka mingi Waislamu wengi walikuwa na shaka na mkopo wa elimu ya juu kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 iliyoongezwa juu ya deni kila mwaka. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Mwenye shaka iliyobaki na aulize wanazuoni wake kabla ya kusaini. Tangu mwaka 2022 upo pia ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi, nao haurejeshwi. Mwombaji wa mkopo hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Tusingoje Julai kukitafuta. Na ambaye alama hazikutosha asikate tamaa, kwani stashahada ya famasi ni mlango mwingine wa kufikia shahada.

Limebaki neno la bibi. Binti wa Tarime au Serengeti aliyefika kidato cha sita katika sayansi amevuka mengi. Amevuka misimu ya Desemba ambapo wenzake hukeketwa, jambo ambalo halimo katika Qur'ani, na ambalo sheria ya mwaka 1998 imelifanya kuwa kosa kwa aliye chini ya miaka 18. Ndoa ni sunna njema, wala haifutwi na shahada. Mchumba mwema atamsubiri au atamwacha asome akiwa mkewe, na sharti hilo laweza kuwekwa siku ya posa. Wake zetu nao wana maradhi wanayoona haya kumweleza mwanamume dirishani. Nani atawasikiliza ikiwa mabinti wetu hawakusoma?

Basi baraza likikaa, wazazi wenzetu, tumwulize mtoto kwa upole kama anaipenda kazi hii na kama ataogopa kumdanganya mgonjwa hata asipoonwa na mtu. Akijibu vyema, tumpe baraka zetu na nauli. Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na uaminifu wa kuibeba. Amin.