Kuhesabu Wenye Shida ni Amana

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), twapenda mwezi huu kuzungumza na wazee na vijana wa Kiislamu juu ya kazi moja ambayo wengi wetu hatuijui vyema, nayo ni kazi ya kuhesabu wenye shida. Huenda msomaji akauliza: Je, kuhesabu nako ni jambo la kwenda kusomea? Twamwomba asituharakishe, kwani nasi tulikuwa na fikira hiyo hiyo mpaka tulipoona makosa yetu wenyewe.

Mwaka mmoja, karibu na Idi, tulikuwa miongoni mwa watu waliopewa kazi ya kugawa Zaka ya Fitri. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiandika idadi ya watoto. Nyumba moja waliikuta imefungwa, wakaacha nafasi tupu katika daftari. Aliyenakili orodha kwa mara ya pili hakupenda kuona nafasi tupu, akatia sifuri. Siku ya kugawa, sisi tulisoma sifuri tukapita. Baada ya Idi ndipo tulipojua kuwa mlikuwa na mjane na mayatima wanne, na siku ile alikuwa amekwenda kutafuta kibarua. Hapana aliyeiba wala aliyesema uwongo. Lakini mayatima wanne walikosa haki yao, kwa sababu ya alama moja ya wino.

Jambo hili lilitukaa moyoni. Kisha akatutembelea binti mmoja aliyesoma Kurani chuoni kwetu hapa Mtendeni, ambaye sasa hufanya kazi ya misaada upande wa Kigoma. Tulipomsimulia, alicheka kidogo, akasema: "Maalim, hilo ndilo somo la kwanza tulilofundishwa." Akafungua kompyuta yake barazani akatuonyesha.

Programu wanayofundishwa huitwa R. Ilitungwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na toleo lake la kwanza lililokamilika lilitoka tarehe 29 Februari, 2000. Hutolewa bure kwa kila mtu, wala haina siri: anayetaka kuona jinsi ilivyoundwa huruhusiwa. Si mashine ya kubofya vitufe tu. Mwanafunzi huiandikia maagizo, mstari kwa mstari, kama mtu amwandikiaye karani barua: soma daftari hili, toa majina yaliyorudiwa, hesabu watoto wa kila kijiji, nionyeshe kwa picha.

Basi binti yule akaandika orodha ya watoto kumi waliotakiwa kupimwa mkono kwa ule ukanda wa kupimia utapiamlo. Mtoto wa miezi sita hadi chini ya miaka mitano, ambaye kipimo cha mkono wake wa juu hakifiki sentimita 11.5, huyo yumo hatarini na hustahili matibabu mara moja. Katika kumi wale, sita walipimwa, na watatu wakaonekana wamo hatarini. Wanne hawakupimwa. Akaiamuru programu itoe wastani wa vipimo vyote. Ikakataa. Ikajibu kwa herufi mbili, NA, maana yake habari haipo. Haitoi jawabu mpaka mwenye kuhesabu akiri kwa maandishi kwamba anawaacha wale asiowajua.

Tazameni adabu iliyomo humo! Karani mvivu angesema: watatu katika kumi. Ukweli ni watatu katika sita, na wanne hatuwajui. Neno letu sifuri limetoka katika Kiarabu, sifr, yaani kitu kitupu. Lakini kutokuwapo ni jambo moja, na kutojulikana ni jambo jingine kabisa. Mtoto asiyepimwa si mtoto mzima wa afya.

Jambo la pili alilotuonyesha ni kwamba maagizo yote hubaki yameandikwa. Mtu akisahihisha daftari kwa mkono, kesho hajui alibadili nini. Lakini kwa njia hii mwenzake aweza kuyasoma maagizo yale, akayarudia, akaona kosa limeingilia wapi. Sisi tuliposikia hayo tuliwakumbuka wanavyuoni wa Hadithi. Hata hesabu ya Waislamu aliyoiamrisha Mtume (s.a.w.) iandikwe, Imam Bukhari ameipokea kuwa ni wanaume 1,500, na akataja pia mapokezi ya 500, na ya baina ya 600 na 700, kila moja pamoja na njia iliyopitia. Hawakuzificha tofauti. Walimwachia mwenye ilimu baada yao apate kuchungua, na ndivyo Aya ya 6 ya Sura ya Hujurat inavyotufunza, kwamba habari ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo madogo ya mabarazani. La! Katika kambi za wakimbizi, kipimo kinachokubaliwa ni maji yasiyopungua lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Tuchukue mfano wa kambi yenye watu 50,000, kisha makarani wakaandika 40,000. Yataletwa maji ya lita 600,000, na kila mtu atapata lita 12 badala ya 15, huku taarifa ikisema hakuna upungufu. Tena wastani nao huficha. Upande mmoja wakipata lita 25 na upande mwingine, wenye watu sawasawa nao, wakapata lita 5, wastani utasema 15, na wale wa lita 5 wataendelea kuugua kimya kimya.

Sisi wa Tabora hatuko mbali na habari hizi. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa Unyanyembe, na pembe zikapimwa kwa frasila, na aliyekosea hesabu alipoteza mali. Mwaka 1972 nchi hii ya magharibi ilipokea ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi. Wakapewa makazi Ulyankulu katika mkoa wetu, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Mwaka 2007 walihesabiwa wakapatikana zaidi ya laki mbili, na watu wapatao wanne katika kila watano walisema wanataka kubaki. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 miongoni mwao walipewa uraia wa Tanzania. Na mwezi wa Mei 2015, Warundi wengine walipojazana Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kiliwaingilia. Katika siku chache waliougua walifika kiasi cha elfu tatu na zaidi ya 30 wakafa. Wakati kama huo, kujua leo wagonjwa wametoka upande gani ndiko kujua dawa na maji safi vipelekwe wapi kwanza.

Waislamu si wageni wa kazi hii. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) ndiye aliyeweka diwani, daftari la watu wanaostahili posho. Imepokewa kwamba usiku mmoja alikuwa akiulinda msafara uliotua Madina, akasikia mtoto akilia. Alimwendea mama yake mara kwa mara, mwisho mama akamwambia, bila ya kumjua, kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati kwa sababu Umar hawaandikii posho ila walioachishwa. Sayyidna Umar alilia katika Sala ya Alfajiri, kisha akaamuru kila mtoto azaliwaye katika Uislamu aandikiwe. Jumla za daftari lake huenda zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika nani ahesabiwe, nalo hakulijua mpaka alipokwenda mwenyewe kusikiliza. Kwa hiyo twawaambia vijana: kompyuta haisikii kilio cha mtoto. Aliyejifunza programu bila ya kuwaendea watu, ilimu yake ni nusu.

Tena orodha ya wenye shida ni siri yao. Januari 2022 ilitangazwa kwamba wezi wa mitandao wamezifikia habari za watu zaidi ya 515,000 zilizohifadhiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, wakiwamo waliopotezana na jamaa zao kwa vita. Anayehesabu na asiandike zaidi ya haja, wala asitembeze majina ya watu.

Basi enyi wazazi, msiwakataze watoto wenu hisabu mkidhani ni ilimu ya dunia tupu. Neno al-jabr wamelipata walimwengu katika kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad, na kwa jina lake yakaitwa maagizo wanayopewa makompyuta, algorithimu. Mabinti nao wasiachwe nyuma, kwani mwanamke mkimbizi humweleza mwanamke mwenziwe asiyoweza kumweleza mwanamume. Kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, tangu mwaka 1961. Na tangu 2021 kipo kitabu cha bure cha kuwafundisha R wanaopambana na maradhi ya kuambukiza, The Epidemiologist R Handbook, ambacho kijana mwenye intaneti aweza kukisoma nyumbani.

Nasi wa kamati za misikiti tuanze na daftari letu. Nyumba tuliyoikuta imefungwa, tuandike "hatujui", kisha turudi tena kugonga mlango. Sisi sasa hufanya hivyo, na mjane yule jina lake ni la kwanza katika orodha yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuitimiza amana, na siku ya Hesabu iliyo kubwa atufanyie wepesi. Amin.