Simu ikipotea, majina na nyimbo hubaki wapi?

MTU aliyeibiwa simu ndani ya daladala jijini Dar es Salaam au matatu jijini Nairobi hufanya mambo mawili ya haraka. Hutoa taarifa polisi, kisha huenda katika duka la kampuni ya simu ili arudishiwe laini yake. Muda si mrefu namba yake ya zamani huanza kuita katika simu nyingine. Hapo ndipo anapogundua kwamba orodha ya majina ni tupu, na kwamba namba pekee anayoikumbuka kwa kichwa ni ya kwake mwenyewe.

Laini hurudi kwa sababu kampuni ya simu ina uwezo wa kuifunga kadi iliyoibwa na kuihamishia namba ileile kwenye kadi mpya. Majina hayarudi kwa njia hiyo. Yaliyokuwa yameandikwa katika kadi ya zamani yamekwenda na kadi hiyo, na kadi mpya hutolewa ikiwa haina jina hata moja.

Katika simu nyingi za kisasa majina huweza kuhifadhiwa mahali patatu. Pa kwanza ni kadi ya laini, ambayo kwa kawaida huchukua majina yapatayo 250. Pa pili ni kumbukumbu ya simu yenyewe, ambayo huchukua majina mengi zaidi lakini hupotea pamoja na simu. Pa tatu ni akaunti ya mtandaoni, kama ile ya Google kwa simu za Android, au iCloud kwa iPhone. Jina lililoandikwa katika akaunti huwa na nakala kwenye kompyuta za kampuni husika, na mwenyewe akiingia katika akaunti hiyo kwa simu nyingine, orodha nzima hujitokeza.

Tatizo ni kwamba simu huyaonyesha majina yote katika orodha moja, kana kwamba yote yamelala kitanda kimoja. Mtumiaji huweza kukaa miaka mingi bila kujua kuwa namba za ndugu zake ziko katika kadi, na za wateja wake ziko katika akaunti.

Kazi ya kuifanya orodha ilingane katika vifaa viwili au zaidi ndiyo iitwayo kulandanisha. Si jambo jipya. Mwaka 1996 kampuni ya Palm ilitoa kifaa cha mkononi kilichoitwa Pilot, kikiwa na kitako chenye kitufe kimoja. Mtumiaji alikiweka kifaa juu ya kitako kilichounganishwa na kompyuta, akabonyeza kitufe, na majina pamoja na ratiba vikalingana pande zote mbili. Mwaka 2000 kampuni kadhaa, zikiwamo Nokia, Ericsson, Motorola na IBM, ziliungana kuandaa utaratibu wa pamoja ulioitwa SyncML, kwani hadi wakati huo simu ya kampuni moja mara nyingi haikuelewana na programu ya nyingine.

Msingi wa kazi hiyo haujabadilika. Kila kifaa huweka kumbukumbu ya mabadiliko yaliyofanyika tangu vilipokutana mara ya mwisho. Vikikutana tena, kwa waya au kwa intaneti, hupeana habari: jina hili limeongezwa, namba hii imesahihishwa, hili limefutwa. Pale ambapo jina moja limebadilishwa pande zote mbili, programu hulazimika kuchagua upande mmoja, au huacha majina mawili yanayofanana.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba kulandanisha ni sawa na kuweka akiba. Kufuta nako ni badiliko, na husafiri kama mabadiliko mengine. Mtoto akiichezea simu na kufuta majina hamsini, kishikwambi na kompyuta zilizounganishwa na akaunti hiyo hutii amri ileile baada ya muda mfupi. Google huyaweka majina yaliyofutwa katika pipa la taka kwa siku 30, na iCloud nayo humwezesha mtumiaji kurudisha orodha ilivyokuwa ndani ya siku 30 zilizopita. Asiyegundua kosa mapema hana cha kurudisha.

Hata kompyuta za kampuni kubwa zimewahi kushindwa. Mwanzoni mwa Oktoba 2009, wateja wa T-Mobile nchini Marekani waliokuwa na simu za Sidekick walianza kupoteza majina, kalenda na picha zao. Simu hizo zilitegemea seva za Danger, kampuni tanzu ya Microsoft, na seva hizo zilikuwa zimeharibika. Wateja walionywa wasizime simu wala kutoa betri, kwa kuwa kilichosalia ndani yake kingefutika. Siku chache baadaye Microsoft ilitangaza kuwa imeokoa sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa.

Muziki una kanuni zake. Wakati majina husafiri pande zote mbili, nyimbo kwa kawaida husafiri upande mmoja. Apple ilipotoa iPod mwaka 2001, kompyuta ndiyo iliyokuwa bwana, na kifaa kikafuata. Kilipochomekwa katika kompyuta ya rafiki, kiliuliza iwapo nyimbo zilizomo zifutwe na kuwekwa za kompyuta hiyo, na waliojibu ndiyo bila kusoma walijuta. Tangu mwaka 2019 programu ya iTunes haimo tena katika matoleo mapya ya kompyuta za Mac, lakini iPhone bado hulandanisha muziki na maktaba ya kompyuta moja kwa wakati mmoja.

Kwa simu za Android njia ni nyepesi zaidi. Simu huunganishwa na kompyuta kwa waya, mtumiaji huchagua kuhamisha faili badala ya kuchaji tu, kisha hunakili nyimbo katika folda ya muziki. Huko ni kunakili, si kulandanisha: wimbo ukifutwa katika simu, ule wa kwenye kompyuta hubaki salama. Hali ni tofauti kwa nyimbo zilizopakuliwa ndani ya programu za kulipia kwa mwezi, kama Spotify. Hizo ni za kukodi. Haziwezi kuhamishiwa kwenye flashi na kupigwa katika redio ya gari, na malipo yakikoma nazo hunyamaza.

Gari lenyewe linahitaji tahadhari. Simu inapounganishwa na redio ya gari kwa Bluetooth, mwenyewe huulizwa iwapo anaruhusu majina yasomwe. Akikubali, orodha huweza kubaki katika kumbukumbu ya gari hata baada ya safari. Anayekodi gari au kuuza la kwake anapaswa kuifuta simu yake katika orodha ya vifaa vya gari hilo.

Kinga dhidi ya hasara yote hii haihitaji fundi. Kwanza, majina yaliyo katika kadi na katika simu yahamishiwe kwenye akaunti, na namba ziandikwe kwa alama ya nchi, kama +255 au +254, ili zipatikane hata mwenyewe akiwa ng'ambo. Pili, kila baada ya miezi michache orodha itolewe kama faili la vCard, ambalo simu na kompyuta za aina nyingi hulisoma, na lihifadhiwe katika flashi isiyounganishwa na kitu chochote. Faili hilo haliwezi kutii amri ya kufuta iliyotolewa kwingine. Tatu, neno la siri la akaunti liandikwe na kuwekwa mahali salama nyumbani.

Hilo la tatu ndilo husahaulika zaidi. Asiyekumbuka neno la siri mara nyingi hutumiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, nao ujumbe huo huenda kwenye laini iliyo mikononi mwa mwizi. Ndiyo maana aliyeibiwa hana budi kuanzia dukani kwa kampuni ya simu: laini ikirudi, akaunti hufunguka, na akaunti ikifunguka, majina hurudi, mradi yalikuwa yamewekwa humo kabla ya safari ya daladala.