Sumaku: kutoka jembe la Unyamwezi hadi tabaka moja la atomi

Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa na dira. Katika njia hiyohiyo ya misafara wapagazi wa Kinyamwezi walibeba majembe ya chuma, kazi ya wahunzi wa Unyamwezi na Usumbwa. Walipofika Ugogo, majembe hayo yalitolewa kama hongo, yaani ushuru wa njia, ili msafara upite.

Dira na jembe, vyote chuma. Lakini sindano ya dira hushika usumaku miaka na miaka, ilhali chuma laini ukikisugua kwa sumaku hupoteza nguvu hiyo upesi.

Siri iko katika mpangilio wa atomi. Kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo, na inaelekea wapi hutegemea jirani zake na umbali uliopo kati yao. Chuma kikifika nyuzi joto 770 za Selsiasi, joto huvuruga mwelekeo huo na sumaku haikivuti tena. Kwenye 912 atomi zenyewe hujipanga upya. Sasa mhunzi akichukua chuma chenye kaboni, kingali chekundu, akakitumbukiza majini ghafla, kaboni hunaswa katikati ya atomi za chuma na kuupinda mpangilio wake. Chuma huwa kigumu, na usumaku ukishakiingia hautoki kirahisi. Sindano za dira zilitengenezwa hivyo.

Leo athari hiyohiyo ya mpangilio wa atomi inachunguzwa katika vitu vyembamba ajabu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Washington na MIT, walionyesha kuwa tabaka moja tu la kromiamu na iodini linaweza kuwa sumaku, ilimradi lipoozwe hadi kama nyuzi 228 chini ya sifuri. Tabaka mbili zikilaliana, moja huelekea juu na nyingine chini, nguvu zake zikafutana. Mwaka 2019 tabaka hizo zilikandamizwa kwa shinikizo kubwa. Zikateleza kidogo, kama mabati ya paa yanaposogezwa na migongo ikakaa mahali pengine, na zote zikaelekea upande mmoja. Haikuongezwa hata atomi moja! Mwaka 2022 kiwanja kingine, cha kromiamu, salfa na bromini, kiligeuzwa vivyo hivyo kwa kunyooshwa kidogo tu.

Vifaa vya kuhifadhi data kwa umeme kidogo vinaweza kuzaliwa humo, ila baridi hiyo kali bado ni kikwazo kikubwa.

Walimu wa fizikia wa Tabora hawana haja ya kusubiri maabara ya namna hiyo. Wawapeleke wanafunzi kwa mhunzi, msumari upashwe moto hadi ung'ae rangi ya chungwa, ushikwe kwa koleo na usogezwe karibu na sumaku iliyoning'inizwa kwa waya. Sumaku haitatikisika. Wausubiri msumari upoe, wakiitazama sumaku ianze kuufuata.