Mwili Ni Wangu: Nani Aamue?

Chale, ndonya, kutoga masikio, tatuu, sindano za kunenepesha midomo: binadamu amebadilisha mwili wake tangu zamani. Je, ni lini jambo hilo ni sawa, na lini si sawa?

Tuanze kwetu. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji walichanja chale usoni, na wanawake walivaa ndonya, kipande cha mti kwenye mdomo wa juu. Utaziona kwenye vinyago vyao vya zamani. Kwao ulikuwa urembo, na pia alama ya kabila. Lakini chale hazifutiki, na aliyechanjwa utotoni hakuchagua. Hina ya harusi, kwa upande mwingine, hufifia baada ya wiki chache.

Kisha kuna mkorogo. Neno hili linatokana na kukoroga, kwani watu huchanganya krimu kadhaa ili ngozi iwe nyeupe. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, inayoharibu figo, au hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa ovyo huweza kuacha mabaka meusi. Tanzania na Uingereza zimekataza krimu za urembo zenye viambato hivyo, lakini bado zinauzwa kwa siri.

Sheria inasemaje hapa Birmingham? Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, ni kosa nchini England kumchoma mtoto wa chini ya miaka 18 sindano za botox au za kujaza midomo kwa ajili ya urembo, hata mzazi akikubali. Tatuu zimekatazwa kwa umri huo tangu sheria ya 1969. Ukeketaji wa wasichana ni kosa la jinai Uingereza, Kenya na Tanzania. Wazo ni moja: lisiloweza kurudishwa nyuma limsubiri mwenye mwili akue.

Hata hivyo, si kila upasuaji wa mtoto ni kosa. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura hushonwa akiwa mchanga, naye hawezi kuulizwa. Wazazi huamua kwa sababu atanyonya, atakula na atazungumza vizuri zaidi. Hapo tunatibu, hatumwambii kwamba alivyoumbwa hafai.

Wazazi, sheria haiwezi kuzuia maneno. Mtoto anayesikia kwenye sherehe, “Huyu mzuri, mweupe kama mama yake,” huku dada yake mweusi amekaa pembeni, amefundishwa somo. Mkorogo huanzia hapo, kabla ya dukani. Tuwasifu wote wawili.

Zungumzeni nyumbani
1. Bibi au babu yako ana chale au masikio yaliyotogwa? Muulize kwa adabu: nani aliamua?
2. Kuna tofauti gani kati ya kusuka nywele na kujichubua ngozi?
3. Rafiki akikuambia ubadilishe pua yako, utamjibuje kwa Kiswahili?