Je, Wajua? Potwe na Taa

Je, wajua kwamba papa na taa ni ndugu? Hakuna kati yao mwenye mfupa hata mmoja. Kiunzi chao ni gegedu tupu, kama ile unayoibinya kwenye sikio lako.

Ukitaka kuwatofautisha, tafuta matamvua. Ya papa yako ubavuni, ya taa yako upande wa chini. Kipimo hiki hakidanganyi: papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno, matamvua yake yako chini. Basi huyo ni taa!

Je, wajua samaki mkubwa kuliko wote duniani hula uduvi? Ni potwe, papa mwenye madoa meupe, ambaye huweza kupita mita 12 kwa urefu. Kuanzia Oktoba hadi Februari huonekana kisiwani Mafia, karibu na ufuko wa Kilindoni, akipita polepole mdomo wazi. Maji yakiingia, uduvi hunaswa kwenye vichujio vya ndani na maji hutokea matamvuani. Vijimeno anavyo, tena kama 3,000, lakini havitafuni chochote.

Taa aitwaye manta naye huchuja vijidudu vya majini vivyo hivyo, ila mbinu yake ni nyingine. Ana mapezi mawili kichwani ambayo huyakunjua wakati wa kula ili kuyaelekeza maji mdomoni, kisha huyakunja tena akimaliza. Potwe husukumwa na mkia, manta hupiga mabawa, na mabawa ya manta mkubwa hufikia upana wa mita 7. Mwiba wa sumu hana.

Kwenye uzazi ndiko wanakoachana kabisa. Mwaka 1995 huko Taiwan, potwe jike aliyevuliwa alikutwa na vijusi wapatao 300 tumboni. Manta hubeba mimba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, ambaye hutoka mabawa yakiwa yamekunjwa kama mkeka. Kisha hupita miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa tena. Manta mmoja akifa wavuni, pengo lake halizibiki upesi.

Wote wawili wako hatarini kutoweka. Mvuvi, potwe au manta akiingia wavuni, legeza wavu apite. Nawe mgeni unayekwenda Mafia kumwona potwe, ogelea kando yake. Usimguse, usimpande mgongoni.