Karatasi ya picha ikitoweka sokoni, jina la pakiti si mwongozo

Mwenye studio ya picha katika mtaa wa Kawangware huijua karatasi yake kama seremala aijuavyo randa yake. Anajua itanywa wino kiasi gani, weusi wa nywele utatokea vipi, na picha iachwe kwa muda gani kabla ya kutiwa katika bahasha. Kisha siku moja muuzaji wa jijini humwambia kwamba pakiti ile haiji tena, kwa kuwa kiwanda kimeacha kuitengeneza. Huonyeshwa nyingine, yenye picha ya kasuku juu yake, na kuhakikishiwa kuwa ni ile ile tu.

Mara nyingi si ile ile. Kwa picha ya pasipoti tofauti hiyo haina uzito, kwani ikishabandikwa kwenye fomu kazi yake imekwisha. Lakini studio hizo pia huchapisha picha za arusi, za mahafali na za marehemu, zile zinazotangulia mbele ya jeneza na baadaye kutundikwa sebuleni. Simu iliyopiga picha hiyo aghalabu imekwisha kuibwa, kuharibika au kuuzwa. Karatasi ndiyo nakala pekee iliyosalia.

Thamani ya nakala kama hizo inafahamika vyema katika mtaa jirani wa Kibera. Mwaka 2011 mpiga picha Mmarekani, Greg Constantine, alitoa kitabu kiitwacho Kenya's Nubians: Then & Now, ambamo picha alizozipiga mwenyewe ziliwekwa pamoja na picha za zamani kutoka kwa familia za Wanubi. Jamii hiyo, wazawa wa askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliopewa makao Kibera, ilihangaika kwa miongo mingi kupata vitambulisho na kutambuliwa kuwa wenye haki juu ya ardhi hiyo. Hatimiliki ya ekari 288 ilikabidhiwa mwaka 2017. Si picha zilizoleta hati hiyo, lakini zilimwonyesha yeyote mwenye macho kwamba watu hao walikuwapo hapo tangu zama za babu zao. Picha nyeusi na nyeupe za zama hizo zilichapishwa kwa karatasi yenye chembechembe za fedha na kuoshwa kwa dawa katika chumba cha giza. Zilizooshwa vyema bado zinasomeka. Picha ya wino iliyotundikwa mwaka juzi huenda tayari imegeuka rangi.

Karatasi hutoweka kwa sababu kampuni hufa, huuzwa au hukata hasara. AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2005. Mwaka uliofuata Konica Minolta ya Japani ikatangaza kuacha kabisa biashara ya kamera na picha. Mwaka 2008 ikawa zamu ya Polaroid kutangaza mwisho wa filamu yake ya papo hapo, na mwaka 2016 Fujifilm ikatangaza kuachana na FP-100C, filamu ya papo hapo iliyokuwa kimbilio la waliobaki. Kenya haina usemi katika maamuzi hayo. Hata kiwanda cha Webuye, ambacho kabla ya kufungwa mwaka 2009 kilikuwa tegemeo kuu la karatasi nchini, hakikuwa cha karatasi za aina hii.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Ilford. Tawi lake la Uswisi, lililotengeneza karatasi za wino zijulikanazo kama Galerie katika kiwanda cha Marly, lilifilisika Desemba 2013. Haki za jina zikanunuliwa na wengine, na baada ya muda Galerie ikarejea madukani. Jina lilikuwa lile lile, lakini kiwanda cha Marly hakikuwa tena nyuma yake. Kinyume chake pia hutokea. Viwanda vinavyotengeneza karatasi hizi ni vichache kuliko majina yaliyo sokoni, na kampuni nyingi hununua marobota kutoka kiwanda kimoja na kuyatia katika pakiti zao. Kwa hiyo huenda karatasi iliyotoweka ingali inauzwa mahali pengine kwa jina geni. Anayetafuta mbadala kwa kusoma jina pekee anaweza kupotea njia zote mbili.

Linalofaa kutafutwa ni tabia ya karatasi yenyewe. Uzito ndio rahisi kuliko yote. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni gramu 80 kwa mita mraba, ilhali zile za sanaa hukaribia gramu 300 au kuzidi. Photo Rag ya Hahnemühle, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1584, ina gramu 308 na imetengenezwa kwa pamba tupu. Hata hivyo, uzito haudhihirishi mengi. Muhimu zaidi ni kiini, iwapo ni pamba, ubao uliosafishwa vyema, au karatasi ya kawaida iliyofunikwa plastiki pande zote mbili. Halafu kuna utando wa juu unaoupokea wino, na hapo ndipo karatasi nyingi rahisi hushindwa. Utando wenye vinyweleo hukausha wino upesi na kumfurahisha mteja aliye na haraka, lakini ukitumiwa pamoja na wino wa maji huruhusu hewa chafu kuzifikia rangi na kuzila. Wino wa chembechembe hustahimili zaidi. Katika chumba cha mabati chenye moshi wa jiko, tofauti hiyo haihitaji miaka mingi kuonekana.

Weupe nao hudanganya. Karatasi nyingi hung'arishwa kwa kemikali inayopokea miale isiyoonekana ya jua na kuitoa kama mwanga wa buluu, hivyo zikaonekana nyeupe kupita theluji. Kemikali hiyo huchoka kadiri miaka inavyopita, na karatasi hurudia umanjano wake wa asili, pamoja na uso wa aliyepigwa picha. Kifaa cha kuigundua kiko katika maduka mengi mitaani, nacho ni taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Chini yake, karatasi iliyotiwa dawa nyingi huwaka buluu. Isiyotiwa hubaki imefifia. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja.

Mbadala ukipatikana, kosa la kawaida ni kuendelea kuchapisha kwa vipimo vya karatasi iliyokwisha. Kila karatasi huhitaji faili lake la rangi, ambalo huielekeza printa imwage wino kiasi gani, na watengenezaji wengi hulitoa bure katika tovuti zao. Pakiti ya kasuku haina faili hilo (ingawa kasuku mwenyewe, ajabu, amechapishwa vizuri). Printa zenye wino mweusi wa aina mbili, mmoja wa karatasi ya kung'aa na mwingine wa isiyong'aa, huharibu kazi upesi zaidi zikichaguliwa vibaya, na ngozi nyeusi ndiyo huumia kwanza kwa kugeuka kijivu au wekundu wa matofali. Kwa hiyo picha ya majaribio iwe ya uso wa Mwafrika, wala si ya maua. Nusu yake ifunikwe kwa kadibodi na kuachwa dirishani kwa miezi kadhaa. Jua la Nairobi, jiji lililo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, litatoa jibu.

Kuna wakati ambapo jibu sahihi si karatasi kabisa. Mapema mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alifunika takriban mita mraba 2,000 za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo. Alitumia plastiki isiyopenya maji, ili picha hizo pia ziyakinge mabati yaliyotoboka wakati wa mvua. Wasanii wa kundi la Maasai Mbili, lililoanzishwa Kibera mwaka 2001 na wachoraji wa mabango, nao wamezoea kuchora juu ya vitu vilivyotupwa.

Kwa msanii anayeuza picha zenye nambari, tuseme kumi tu, karatasi kutoweka baada ya nakala ya tano ni suala la uaminifu. Mnunuzi wa nakala ya sita ana haki ya kujua kwamba yake si sawa na ya kwanza, na njia ya wazi ni kuandika nyuma, kwa penseli, jina la karatasi mpya na mwaka wa kuchapishwa. Studio ya kawaida yaweza kufanya vivyo hivyo kwa picha ya marehemu. Nayo karatasi ya mwisho ya pakiti ya zamani isiuzwe. Ichapishwe picha ya majaribio, itiwe katika bahasha na kuwekwa gizani, kwani bila hiyo kila mbadala utapimwa kwa kumbukumbu tu.