Linda Naye Nani Amlilie?

Ingia kinyozi yoyote Kayole ama Umoja, uchokoze kidogo tu: sema Killmonger wa Black Panther ni jambazi. Mashine itazimwa hapo hapo. Msee amenyolewa nusu kichwa atageuka na hiyo nusu yake aanze kukusomea. Atakukumbusha vile mbuyu wa huyo chali alidedishwa na Mfalme T'Chaka wa Wakanda, ndugu yake wa damu, huko Oakland mwaka wa 1992. Mtoi akaachwa kwa flati ajisort. Wakanda wakarudi hao na ndege yao, na ganji yao, na madawa zao zote, wakafunga geti wakajifanya hawajui. "Sasa wewe ungefanya aje?" Hapo ndio wanakushikanga.

Na manze, hajadanganya. Black Panther ilitoka Februari 2018 (Kisumu waliicheki kabla ifunguliwe Marekani, juu Lupita ni wao), na Ryan Coogler alijua chenye anafanya: alimpea adui hoja ya ukweli. Weusi wanakanyagwa dunia nzima, na nyinyi mko na nguvu mmezificha. Lakini ebu cheki, hiyo hoja ata Nakia, mwenye Lupita anacheza, alikuwa nayo kutoka mwanzo wa muvi. Nakia tunampata msituni Nigeria akiokoa mabinti wenye wametekwa. Killmonger tunampata mjusiamu London, na watu washaanza kuanguka.

Sasa tubonge kuhusu Linda. Unamkumbuka Linda? Sawa, humkumbuki. Hakuna mtu anamkumbukanga.

Linda ni dem wa Killmonger. Ule wizi wa mjusiamu London walipiga pamoja. Baadaye Klaue, mwizi mwenzao, anamshika, anamwekea mchuma kichwani, akidhani amepata ngao. Killmonger anamwangalia dem wake kwa macho, anamtuliza kidogo, alafu anamfyatulia yeye kwanza. Muvi inasonga. Hakuna mtu anauliza Linda alikuwa wa nani, mathe yake anaishi wapi, kama mtu alienda kumchukua. Kufikia ile saa Killmonger anadedi akiangalia jua ya Wakanda, kinyozi yote inafuta machozi, na mimi pia nimo ndani. Linda bado amelala huko.

Na si Linda pekee. Zile alama zimejaa mwilini mwake, kila moja ni mtu ameua. Anajitetea mwenyewe mbele ya T'Challa, mtoto wa T'Chaka: ameua Afghanistan, ameua Iraq, na ameua ndugu na dada zake wa hii hii bara, bora tu afike hapo. Msee anadai anakuja kukomboa weusi, na barabara yote amekuja nayo imejaa maiti za weusi. Akishafika, mmama mzee wa kutunza bustani ya ile mimea ya kupea wafalme nguvu anasita kuichoma, chali anamnyanyua na shingo. T'Chaka mwenyewe alikuwa ashadedi kitambo, bomu ya Vienna kwa ile muvi ya 2016. Zuri, jasusi wa T'Chaka huko Oakland, sawa, yeye alihusika, hapo tunaweza bishana. Wengine wote waliletewa bili na hawakuwa kwa meza.

Chenye hunikasirisha ni vile tunachezwa. Ile mbinu rejeshi odijo wa Kiswahili alikuwa anatukaza nayo fomu tatu si ya bure. Ikipewa mtu, anapewa pia roho yetu. Killmonger alipewa sini nzima akiwa mtoi, mbele ya mbuyu yake. Linda alipewa risasi. Ungembadilishia hizo dakika tu, umwonyeshe Linda akiwa na miaka kumi, kinyozi ingekuwa inaongea mambo ingine kabisa.

Heath Ledger alituchekelea kwa hii maneno 2008. Joker wake anawaambia watu vile alipata zile alama za mdomo, na kila akisema ni stori tofauti. Anajua ukishaanza kumwonea huruma, kisu ishafika. Na hiyo sijaiona kwa skrini pekee. Kuna chali mtaani alikuwa anagonga dem wake kila wikendi, alafu Jumatatu anamletea stori ya vile mbuyu yake alikuwa anawachapa. Stori ilikuwa ya ukweli. Dem bado alikuwa amefura jicho.

Wazee wetu wenye walilelewa na muvi za Kihindi walishapewa jibu 1975. Hiyo muvi ni Deewaar, ya Yash Chopra, imeandikwa na Salim na Javed. Mabro wawili, Vijay na Ravi. Mbuyu wao ni kiongozi wa wafanyakazi, anatishiwa familia yake mpaka anawauza wenzake, kisha aibu inamfukuza anatoroka. Wasee wanamshika Vijay akiwa mtoi wanamchora mkononi ati mbuyu yake ni mwizi. Mathe anawabeba mpaka Bombay, anabeba mawe kwa mjengo. Vijay, yaani Amitabh Bachchan, anakuwa don wa magendo. Ravi anakuwa karao. Msoto ni ule ule, mathe ni yule yule, usiku walilala nje ni ule ule.

Kuna sini moja haishikiki. Ravi anapiga risasi kijana anatoroka, kucheki, kijana ameiba mkate tu. Anapeleka chakula kwa wazazi wa huyo kijana. Mathe wa kijana anamtusi na ako na haki. Lakini mbuyu, mwalimu amestaafu, hana kitu kwa nyumba, ndiye anakataa kumtetea mtoto wake: wenye njaa ni mamilioni, sasa wote waibe? Ravi anatoka hapo ameamua kumfuata bro yake. Na mathe yao, mwenye Vijay ndiye kipenzi chake, anamkabidhi Ravi bunduki mwenyewe, anaombea mkono wake usitetemeke, kisha anaenda hekaluni kumngoja Vijay. Vijay anadedi kichwa kikiwa kwa magoti ya mathe. Huyo mathe hakufuta kesi na hakufuta upendo. Sijaona muvi ya masuperhero imemfikia.

Lakini pia siwezi jifanya sielewi kinyozi. Mtaa inapenda stori ya adui juu mtaa yenyewe huitwa adui. Kijana akiangushwa na karao Mathare, kwa habari ni "mshukiwa", sentensi mbili, kwisha. Hakuna mbinu rejeshi. Ndio maana Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga ilitugonga 2012: Mwas anatoka ushago akitaka tu kuwa muigizaji, siku ya kwanza anaporwa, anatupwa seli, Oti na genge yake ndio wanamchukua. Mara ya kwanza mwizi wa sehemu za ndai alipewa jina, ndoto na kwao. Hiyo nitaitetea kila siku. Bado ile ndai ilikuwa ya mtu.

Na nikupe hii umalize nayo kinyozi wakikushinda. Aliyecheza Linda anaitwa Nabiyah Be, Mbrazili, na mbuyu yake ni Jimmy Cliff. Eeh, yule wa rege. Mwaka wa 1972 Jimmy Cliff alicheza Ivan kwa The Harder They Come: kijana wa mashambani anaingia Kingston kuimba, anakulwa na produsa, anaishia kufyatulia makarao, na ghetto yote inamshangilia. Mbuyu alipewa muvi nzima kutueleza mbona aliharibikiwa. Msichana wake akapewa dakika chache na risasi ya chali wake.